Walioingia 74, waliotoka 68: uchambuzi wa kisa cha Ribbon Creek

Kosa lao la kwanza lilikuwa kujilaza kwenye nyasi.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 8 Aprili 1956, katika kambi ya mafunzo ya Marine, jeshi la Marekani linalopigana kutokea baharini, kwenye kisiwa cha Parris Island, jimbo la South Carolina nchini Marekani. Mkufunzi aliwakuta makuruta wa Platuni ya 71 wamejitupa nje kama watu walioko likizo, akaudhika. Akawarudisha bwenini wakasugua sakafu. Kufika jioni akaona deki haikutosha. Saa mbili usiku ikiwa imepita kidogo aliwapanga, akawatoa nje gizani, akazunguka nao nyuma ya uwanja wa shabaha mpaka kwenye mkono wa bahari uitwao Ribbon Creek. Makuruta 74 waliingia majini. Waliotoka ni 68.

Wanaosomea uongozi wa kijeshi wanakifahamu kisa hiki, na mara nyingi husimuliwa kwa pumzi moja: mkufunzi alikunywa pombe, akapeleka watoto wa watu majini, wakafa, akashtakiwa. Yote hayo ni kweli. Lakini ukiishia hapo umeacha nyama umekula mchuzi. Kinachonivuta mimi ni kwamba shughuli ile ilikuwa na lengo ambalo mtu yeyote anayepanga siku ya mshikamano nje, awe mwanajeshi au raia, angelikubali bila kusita: kuwachukua vijana walioonekana kulegea na kutawanyika, kuwapitisha pamoja kwenye jambo gumu, na kuwarudisha wakiwa kitu kimoja. Nikiufuata usiku ule hatua kwa hatua, naona vijana wale walikuwa kitu kimoja kabla hata buti zao hazijalowa.

Mkufunzi mwenye mpini wa ufagio

Sajini Matthew McKeon alikuwa na umri wa miaka 31. Vita vya Pili vya Dunia alivipigana baharini, kwenye manowari ya kubeba ndege USS Essex. Korea alikwenda akiwa Marine. Kwa hiyo hatuzungumzii kijana mwenye kiherehere anayejaribu cheo kipya kwa mara ya kwanza. Tunazungumzia mtu aliyekwisha kuona vita viwili, na ambaye waliomfahamu hawakumweleza kama mkatili.

Ila katika kazi ya kufundisha makuruta alikuwa mchanga kabisa. Shule ya wakufunzi aliimaliza Februari 1956, na Platuni ya 71 ndiyo ya kwanza kukabidhiwa. Tena hakuwa mkuu wake: alikuwa msaidizi, chini ya sajini mwingine aliyemzidi uzoefu. Jumapili ile zamu ilikuwa yake, na usiku ule aliwatoa makuruta peke yake.

Alikuwa pia anaumwa mgongo, maumivu yakiteremka mpaka mguuni, na alitembea akijiegemeza kwenye mpini wa ufagio. Wengi wanaosimulia kisa hiki huutaja mpini huo kama pambo la hadithi. Mimi nauona kuwa kati ya vitu vizito kuliko vyote. Mtu ambaye kwenye sakafu kavu anahitaji fimbo ndiye aliyekuwa mwongozaji pekee, mwokoaji pekee na mwenye uamuzi pekee, gizani, kwenye tope. Katika matembezi ya kawaida kabisa ya milimani, kiongozi mwenye mguu mbovu angeambiwa abaki nyuma, au amkabidhi mwenzake. Hapa hapakuwa na wa kumwambia. Chini yake walikuwa makuruta ambao hawaruhusiwi hata kumtazama usoni bila kuitwa, na juu yake, usiku wa Jumapili, palikuwa kimya.

Halafu kuna chupa. Mchana ule mwenzake wa uwanja wa shabaha alikuja na vodka, na McKeon akanywa. Baadaye mahakama ilimtia hatiani kwa kunywa mbele ya kuruta, wala haikumhukumu kwa kulewa. Magazeti yaliipenda chupa, kwa sababu chupa inamaliza maswali. Ukisema pombe ndiyo iliyoua, basi dawa yake ni kufunga chupa kabatini na kumfukuza mnywaji, na kila kitu kingine kambini kibaki kilivyokuwa. Nadhani hata wakubwa wengine wangefurahi mambo yaishie hapo. Lakini jiulize: angekuwa hajagusa tone, shimo lililokuwa chini ya maji lingekuwa na kina pungufu?

Ilikuwa desturi

Kabla hatujafika majini, kuna jambo lililojitokeza kwenye kesi ambalo lilibadilisha sura ya shauri zima. Kuwapeleka makuruta kwenye kinamasi hakukuwa wazo la McKeon. Ushahidi ulionyesha kwamba wakufunzi wengine walikuwa wamefanya hivyo kabla yake, kama njia ya kuiamsha platuni iliyolala. Hapakuwa na amri ya maandishi inayoagiza hivyo, na haikuwa sehemu ya ratiba ya mafunzo. Ilikuwa desturi, kitu ambacho mkufunzi mpya anakipokea kwa kusikia na kuona.

Ukitaka kuelewa ajali nyingi za shughuli za nje, anzia hapo. Desturi ya namna hii hujijenga kwa kufaulu. Wa kwanza anaingia na watu wake, wanalowa, wanacheka, wanarudi wamechoka na wamepatana. Wa pili anaiga. Kila safari inayorudi salama inahesabiwa kuwa ushahidi kwamba jambo lenyewe ni salama, ingawa huenda yule wa kwanza alipita maji yakiwa yamekupwa, wa pili alikuwa na watu ambao wote walijua kuogelea, na wa tatu alipita mita ishirini upande wa kulia bila kujua kwa nini ilikuwa bahati yake. Wote hawa hawakuacha maandishi. Hawakuandika saa waliyoingia, wala wapi palikuwa pagumu, wala kina. Kilichorithiwa ni lile tukio, bila masharti yaliyolifanya lipone.

Na desturi ina sifa nyingine mbaya: haina mwenyewe. Zoezi lililopangwa lina mtu aliyelitia saini, na mtu huyo anaweza kuulizwa swali kabla ya siku yenyewe. Desturi utamuuliza nani?

Maji

Yeyote aliyekulia pwani atashangaa jinsi swali moja lilivyokosa kuulizwa usiku ule: maji yanajaa au yanakupwa? Ribbon Creek si mto unaotiririka upande mmoja mwaka mzima. Ni mkono wa bahari unaopenya kwenye kinamasi, na maji yake hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama bahari yoyote ya pande zile. Sehemu ambayo asubuhi ni tope la kufika kwenye vifundo, jioni inaweza kuwa maji ya kifuani yenye mkondo. Ukingoni ni laini na panateremka taratibu, kisha ghafla sakafu inakatika na unaingia kwenye kina ambacho mguu haufiki. Juu ya maji hakuna alama inayokuonyesha mahali pa kukatikia. Mchana ungeweza kukisia kwa rangi. Usiku maji yote ni meusi.

Tope nalo lina tabia yake. Ukisimama linakuvuta, ukivuta mguu mmoja unaukandamiza wa pili, na buti iliyojaa maji inakuwa nzito. Mtu aliyevaa sare kamili na buti anachoka kwenye tope kabla hajafika kwenye kina, na anapofika huko nguvu za kuogelea zimeshapungua.

McKeon alitangulia. Hili lazima lisemwe kwa haki: hakusimama ukingoni na kuwaamuru waingie. Alitumbukia mbele yao na fimbo yake, akafuata ukingo, na mstari ukamfuata. Njiani, kwa mujibu wa ushahidi, kulikuwa na utani, kwamba wasiojua kuogelea watazama na wanaojua wataliwa na papa. Makuruta wengine walicheka. Utani huu umetajwa sana kama dalili ya ukatili, lakini mimi nausikia tofauti. Nasikia mtu ambaye hatari imempitia kichwani, akaijua kwa jina, akaigeuza mzaha. Hesabu ya wasiojua kuogelea ndiyo ilikuwa orodha muhimu kuliko zote usiku ule, na njia yake ya kuingia kwenye shughuli ilikuwa kichekesho kilichotolewa wakati watu wameshalowa.

Mstari wa watu wengi hauendi kama kamba iliyonyooka. Mbele unafuata kiongozi, katikati unafuata mgongo wa aliye mbele, na mkia unafuata kelele. Kila mmoja akikwepa kidogo mahali alipoteleza mwenzake, mkia unajikuta mbali na njia ya kichwa. Ndivyo ilivyokuwa. Waliotangulia walikuwa bado wanagusa chini wakati baadhi ya waliokuwa upande wa ndani ya maji walikuwa wameshafika pale sakafu ilipokatika. Mmoja akazama ghafla. Asiyejua kuogelea akizama hushika kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni kuruta mwenzake. Huyo naye akashika wa tatu. Ndani ya muda mfupi sana kulikuwa na vijana wanaopiga kelele na vijana wanaokwenda kuwasaidia, na katika giza lile hapakuwa na njia ya kumtenganisha anayezama na anayeokoa.

Watu hufikiri kuzama kunachukua muda na kunafanyika kwa makelele. Kwa kawaida mtu asiyejua kuogelea hubaki juu kwa chini ya dakika moja, na sehemu kubwa ya dakika hiyo hawezi kuita, kwa sababu mdomo ukitoka juu ya maji unatafuta hewa tu. Wanaopiga kelele mara nyingi ni wale ambao bado wanaweza kupona. Kama humwoni kwa macho, hutamsikia.

McKeon alirudi kuwasaidia. Kuruta mmoja alimng'ang'ania, wakazama pamoja, kisha akamponyoka. Sita waliokufa walikuwa vijana wadogo, baadhi yao hawakujua kuogelea.

Nidhamu ilikuwepo

Sasa nirudi kwenye lile lengo. Malalamiko dhidi ya Platuni ya 71 yalikuwa kwamba haina nidhamu, kila mmoja kivyake, hakuna moyo wa kikosi. Kinamasi kilikusudiwa kuwaponya.

Lakini tazama kilichotokea tangu saa mbili usiku. Vijana 74 walitoka bwenini bila kuuliza wanakwenda wapi. Walivuka uwanja gizani kwa mpangilio. Walifika kwenye maji meusi, na wale miongoni mwao ambao maisha yao yote hawajawahi kuogelea walijua kwamba hawajawahi kuogelea, nao wakaingia. Hakuna aliyebaki ukingoni akasema, sajini, mimi siwezi. Kama huko si kutii, sijui kutii ni kitu gani. Na mambo yalipoharibika, wenzao walirudi kwenye kina kuwafuata. Kama huko si mshikamano, sijui mshikamano ni nini.

Mkufunzi alikuwa anatafuta vitu viwili ambavyo alikuwa navyo tayari mikononi. Hakuviona kwa sababu alivipima kwa namna watu wanavyolala kwenye nyasi Jumapili. Kipimo kilikuwa kibovu. Kulegea kwa kijana aliyechoka wakati wa mapumziko hakukuambii chochote juu ya atakavyofanya ukimwambia aingie majini.

Kuna mtego hapa ambao nimeuona umejificha katika shughuli nyingi za aina hii, hata zile za raia zenye fulana za rangi moja na filimbi. Mwandaaji anataka kundi lishikamane, na dalili anayoitafuta ni watu kufanya jambo wasilolitaka bila kulalamika. Wakikubali, anafurahi kwamba zoezi limefanya kazi. Lakini kundi lililoshikamana ndilo gumu kuliko yote kutoa taarifa mbaya. Aliye mkiani, anayehisi sakafu imeanza kupotea chini ya mguu, ndiye mwenye habari ambayo kiongozi hana. Akiwa ameshafundishwa kwamba kusema ni udhaifu, atanyamaza mpaka maji yafike puani. Katika mpangilio wa Ribbon Creek, habari zilikuwa na njia moja tu, kutoka mbele kwenda nyuma.

Mtu mmoja mwenye tochi, aliyesimama mkiani kwa upande wa maji, mwenye ruhusa ya kupaza sauti "simama" na sauti hiyo kutiiwa, huenda angeuzuia usiku ule kuwa msiba. Sisemi kamba, mashua, wala daktari. Tochi na ruhusa. Tochi zilikuwepo kambini bila shaka. Ruhusa ndiyo haikuwahi kutolewa kwa kuruta yeyote.

Kesi

Mahakama ya kijeshi ilikaa hapo hapo Parris Island kuanzia tarehe 16 Julai 1956. McKeon alitetewa na wakili wa kiraia kutoka New York, Emile Zola Berman, na utetezi wake ulikuwa wa akili sana: badala ya kubishana juu ya usiku mmoja, alileta kambi nzima mahakamani. Kama kinamasi kilikuwa desturi, basi anayeshtakiwa amefanya walichofanya wengine, isipokuwa tu kwamba yeye amekosa bahati.

Mashahidi wawili wakubwa walisimama. Jenerali Randolph Pate, kamanda mkuu wa Marine, ambaye miezi michache nyuma alikuwa amekiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba jeshi lake lenyewe linashtakiwa katika msiba huu sawasawa na sajini yule, sasa alionekana kuona kwamba kushushwa cheo na kuhamishwa kungetosha. Baada yake akaja Luteni Jenerali mstaafu Lewis Puller, aliyejulikana zaidi kwa jina la Chesty, shujaa ambaye kila kuruta alimjua. Yeye aliita tukio lile ajali ya kusikitisha, akasisitiza kwamba mafunzo ya usiku ni ya lazima na kwamba nidhamu ndiyo roho ya jeshi.

Hoja ya Puller naiheshimu nusu. Ni kweli askari asiyewahi kutembea gizani akiwa amelowa atakutana na giza hilo vitani, na huko hakuna wa kumsubiri. Mafunzo yasiyo na ugumu ni udanganyifu. Lakini hoja hiyo inatetea mafunzo, na kilichofanyika Ribbon Creek hakikuwa mafunzo. Mafunzo ya kuvuka maji usiku yana somo: namna ya kupima kina, namna ya kushikana, nani anatangulia, ufanye nini mwenzako akizama. Makuruta wale hawakufundishwa hata kimoja kati ya hivyo. Waliloweshwa tu. Adhabu ilivikwa nguo za zoezi, na mzee yule mwenye nishani akaitetea ile nguo.

Tarehe 4 Agosti hukumu ikatoka. Mashtaka ya kuua bila kukusudia na ya kunyanyasa makuruta yalianguka. Alipatikana na hatia ya kusababisha vifo kwa uzembe, na ya pombe. Adhabu ilikuwa kifungo cha miezi tisa na kazi ngumu, kushushwa hadi askari wa kawaida, faini, na kufukuzwa jeshini kwa mwenendo mbaya. Baadaye Waziri wa Jeshi la Majini, Charles Thomas, alipunguza kifungo kikawa miezi mitatu na kuondoa kufukuzwa. Wapo walioona huruma imezidi. Mimi naona waziri alikiri kwa kalamu jambo ambalo mahakama haikuweza kuliandika: kwamba mshtakiwa mmoja hakutosha kubeba shauri lote. Tatizo ni kwamba kumpunguzia yeye hakukumwongezea mwingine. Jenerali aliyekuwa akiongoza kisiwa alihamishwa. Hiyo miezi mitatu ndiyo kifungo chote kilichotumikiwa kwa vifo sita.

Waliojifunza, na wasiojifunza

Marine wenyewe walibadilika haraka, na katika hilo wanastahili sifa. Pate aliunda kamandi maalumu za mafunzo ya makuruta katika kambi zote mbili, Parris Island na San Diego, kila moja chini ya brigedia jenerali anayewajibika kwake moja kwa moja. Parris Island alipelekwa Wallace Greene, ambaye baadaye alipanda mpaka kuwa kamanda mkuu. Maofisa zaidi waliletwa kusimamia wakufunzi, na idadi ya wakufunzi kwa platuni ikaongezwa ili mtu mmoja asibebeshwe mzigo usiku na mchana. Ile kofia ya wakufunzi yenye ukingo mpana, ambayo leo watu wanadhani ilikuwepo tangu enzi, ilirudishwa mwaka ule ule wa 1956, pamoja na juhudi za kuifanya kazi ya ukufunzi iwe ya heshima.

Ukiyatazama mabadiliko hayo utaona mengi yanahusu jicho la pili. Hakuna lililogusa sana pombe.

Kwingine habari hazikufika, au zilifika zikasikika kama habari za Wamarekani. Tarehe 3 Juni 1957, miezi kumi na minne tu baadaye, makuruta wa jeshi jipya la Ujerumani Magharibi waliamriwa kuvuka mto Iller kwa miguu karibu na mji wa Kempten. Mkondo uliwachukua. Kumi na tano walikufa. Mto ni mwingine, nchi ni nyingine, lakini ukitoa majina kwenye taarifa unaweza kuchanganyikiwa ni ipi unasoma: mkufunzi wa cheo cha chini, maji ambayo hayakupimwa, vijana walioingia kwa sababu wameambiwa.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya zamani, siku hizi kuna vifaa. Tarehe 13 Julai 2013, kwenye vilima vya Brecon Beacons nchini Wales, askari wa akiba wa Uingereza walikuwa kwenye matembezi ya kilomita 26 wakiwa na mizigo, siku ya joto kali, wakiwania nafasi katika kikosi maalumu. Watatu walikufa kutokana na joto, wawili siku hiyo hiyo na wa tatu baada ya siku kadhaa hospitalini. Kila mmoja alikuwa na kifaa cha kuonyesha mahali alipo. Kwenye skrini alama ya mtu iliacha kusogea, na waliokuwa wakisimamia wakachelewa kuona maana yake. Mpelelezi wa vifo alieleza mwaka 2015 kwamba uzembe ulichangia. Kwa hiyo jicho la pili lilikuwepo, tena la satelaiti. Lililokosekana ni mtu aliyeambiwa mapema kwamba alama ikisimama kwa dakika kadhaa, yeye ana mamlaka ya kusitisha zoezi bila kumwomba mkubwa yeyote ruhusa.

Na hapo ndipo kisa cha 1956 kinapokutana na cha 2013, ingawa kimoja ni cha maji na kingine cha jua. Katika vyote viwili, walioshiriki walikuwa na kila sababu ya kuendelea. Anayewania nafasi hasemi nimezidiwa. Kuruta hasemi siogelei. Wakati wowote unapoandaa zoezi ambalo thamani yake ni kutokata tamaa, umeshamnyima mshiriki uwezo wa kuwa king'ora chake mwenyewe, na king'ora hicho inabidi ukiweke mahali pengine kabla hamjaondoka.

McKeon alirudi kazini akiwa askari wa kawaida, akaondoka jeshini mwaka 1959 kwa sababu ya ule mgongo, akafariki mwaka 2003. Kwa miaka mingi, alipoulizwa, alisema kila siku alikuwa akiwaombea wale vijana sita.